Panya Kapona, Sisi Je? Mwongozo wa Kukihoji Kichwa cha Habari cha Sayansi

Asubuhi, kabla watu hawajaingia makazini, vibanda vya magazeti vya Dar es Salaam huzungukwa na wasomaji waliosimama wakisoma kurasa za mbele bila kununua. Macho hupita kwenye siasa, huganda kwenye usajili wa Simba na Yanga, kisha mara mojamoja hukutana na maandishi manene ya aina nyingine: dawa ya kisukari yapatikana, betri ya kuchaji kwa dakika tano yaja, kompyuta yawashinda madaktari. Hapo ndipo sauti hutoka nyuma ya kundi: "Hiyo dawa kainywa nani?" Watu wanacheka. Mwingine anamalizia: "Panya kapona, sisi je?"

Kicheko hicho nakiheshimu. Ndani yake mna swali ambalo mhariri makini wa jarida la kitabibu angemuuliza mtafiti, na limeulizwa na mtu ambaye pengine hajawahi kuingia maabara. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uwe na maswali ya namna hiyo mkononi, na ujue pia ni wakati gani kicheko kimekosea njia. Kipimo changu ni kimoja: utani juu ya habari ya sayansi uwe na swali ndani yake, na swali hilo liwe na jibu linaloweza kutafutwa. Usipokuwa nalo, ni kelele tu, na kelele haimsaidii mgonjwa wala mtafiti.

Anza na lile la panya, maana ndilo linalookoa wengi. Dawa huanza kwenye chembe hai ndani ya vioo vya maabara, ikaenda kwa wanyama, ikaja kwa watu wachache wenye afya kupima usalama, kisha kwa mamia ya wagonjwa, kisha kwa maelfu. Takriban dawa tisa kati ya kumi zinazofika hatua ya kujaribiwa kwa watu huishia njiani bila kuidhinishwa, na zile zinazokwama kwa panya ni nyingi zaidi. Kwa hiyo habari ya dawa iliyomponya panya ni habari ya kweli, ila ni ya mwanzo wa safari. Kichwa cha habari kinachomficha panya kimekuuzia tiketi ya kituo cha mwisho wakati basi bado liko gereji.

Mfano mzuri ni wa nyumbani. Mei 2020, watafiti wa kituo cha icipe cha Kenya pamoja na wenzao wa Uingereza walichapisha kwenye jarida la Nature Communications habari za kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, kilichokutwa ndani ya mbu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Mbu waliokuwa nacho hawakukutwa na vimelea vya malaria. Ni ugunduzi wa maana sana. Lakini vichwa vya habari vilivyozunguka dunia vilitangaza kwamba malaria imezuiwa kabisa, na msomaji aliyekuwa na mtoto mwenye homa kitandani akajiuliza aende duka gani la dawa. Malaria ilikuwa imezuiwa kabisa ndani ya mwili wa mbu, na mbu wenye kijidudu hicho walikuwa wachache. Kazi iliyobaki, ya kutafuta namna ya kukisambaza kwa mbu wengi wa porini, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Jibu zuri kwa kichwa kama hicho ni: "Mbu kapona malaria, hongera zake, zamu ya mtoto wangu lini?" Hapo umecheka na umeuliza kwa mpigo mmoja, na anayelijua jibu anaweza kukupa.

Swali la pili ni gumu kidogo kulizoea, lakini lina thamani kuliko yote: waliopewa dawa walilinganishwa na akina nani?

Mwaka 1990, Nairobi, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ikiongozwa na Dkt. Davy Koech ilitangaza dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron. Ilikuwa ni interferoni alfa kwa kiwango kidogo sana, inayoyeyushwa mdomoni. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliibeba habari hiyo, na magazeti hayakubakiza herufi kubwa kabatini. Fikiria ilikuwa ni wakati gani: watu walikuwa wanazikana kila wiki, hakuna dawa ya kurefusha maisha katika kliniki za kawaida, na hapa Mwafrika, katika taasisi ya Kiafrika, anasema wagonjwa wake wanaongezeka uzito na dalili zinapungua. Habari ilivuka bahari. Nchini Marekani wapo Waamerika weusi walioidai dawa hiyo na kuilaumu serikali yao kwa kuipuuza. Nani asingetaka iwe kweli?

Tatizo lilikuwa kwamba wagonjwa wa mwanzo walipewa dawa bila kuwapo kundi jingine la kuwalinganisha nalo. Mgonjwa anayefuatiliwa na daktari kila wiki, anayetibiwa magonjwa nyemelezi, anayekula vizuri kwa sababu amepata matumaini, mara nyingi hupata nafuu kwa muda hata dawa yenyewe ikiwa haifanyi lolote. Tena watu huenda hospitali wanapokuwa wamezidiwa kabisa. Baada ya hapo, kwa magonjwa mengi, hali hupanda kidogo yenyewe. Kuna utani wa zamani wa madaktari kwamba mafua ukiyatibu huisha baada ya siku saba, usipoyatibu huisha baada ya wiki moja. Utani huo ni somo zima la utafiti wa dawa lililowekwa kwenye sentensi moja.

Baadaye watafiti wa Uganda walilifanya jambo lile kwa utaratibu unaotakiwa. Waliwachukua wagonjwa zaidi ya 500, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa interferoni ya kuyeyusha mdomoni na wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: dawa haikuwa na faida iliyoonekana. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu ile sherehe ya Nairobi.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu linagusa moyo. Aliyeuliza swali la ulinganisho mwaka 1990 alionekana msaliti, mtu asiyeamini kwamba Mwafrika anaweza. Wewe ukiuliza leo utaambiwa hivyo hivyo, iwe habari ni ya dawa ya mitishamba au ya chanjo ya maabara. Uliza tu. KEMRI hiyo hiyo ni taasisi iliyofanya kazi kubwa ya chanjo za malaria, na kazi hiyo imeheshimika duniani kwa sababu swali la ulinganisho lilijibiwa mapema.

Asilimia, na asilimia ya nini

Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, bekoni na jamaa zake, kwenye kundi moja na tumbaku. Takwimu iliyobebwa na magazeti ilikuwa kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vichwa vikasema soseji ni hatari kama sigara. Nairobi, ambako soseji ziitwazo smokie huuzwa kwenye mkokoteni karibu kila kona ya mtaa, habari kama hiyo inamtia mtu hofu kabla hajamaliza kutafuna.

Ukiona asilimia inayoongeza au kupunguza, uliza: asilimia 18 ya ngapi? Chukulia nchi ambayo, katika kila watu 100, 5 hupata saratani hiyo maishani mwao. Ongezeko la asilimia 18 juu ya 5 halifiki mtu mmoja: wanakuwa karibu 6. Ni jambo la kuzingatia, hasa kwa anayekula kila siku miaka nenda rudi, lakini ni tofauti sana na picha iliyokuja kichwani mwako uliposoma. Na lile kundi la pamoja na tumbaku linaonyesha ushahidi una nguvu kiasi gani kwamba kitu kinasababisha saratani. Halipimi kinaua watu wangapi. Sigara inaua wengi mno kuliko soseji. Jibu la kibandani linaweza kuwa fupi: "Kumi na nane ya ngapi, bosi?" Ukilizoea swali hilo utaliuliza hata kwenye tangazo la mkopo.

Sasa chokoleti. Mwaka 2015 mwandishi wa Marekani, John Bohannon, mwenye shahada ya uzamivu ya biolojia, alishirikiana na waandishi wa televisheni wa Ujerumani kufanya jaribio la makusudi. Walipata watu 15, wakawagawa makundi matatu: wanaoendelea kula kama kawaida, wanaopunguza wanga, na wanaopunguza wanga huku wakila kipande cha chokoleti chungu kila siku. Muda: wiki tatu. Walipima vitu 18 tofauti, vikiwemo uzito, kolesteroli, chumvi kwenye damu na ubora wa usingizi. Kisha wakatafuta ni kipi kati ya hivyo kilichotokea vizuri. Uzito ukaitika. Wakalipia jarida lisilo na ukaguzi wa maana, makala ikachapishwa, wakatoa taarifa kwa vyombo vya habari, na gazeti la Bild la Ujerumani likaweka habari ukurasa wa mbele: chokoleti inapunguza unene. Ikasambaa nchi nyingi.

Ujanja ulikuwa kwenye ile 18. Kwa kipimo cha kawaida cha watafiti, kila kitu unachopima kina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya kwa bahati tu. Ukipima kimoja, nafasi ni ndogo. Ukipima 18, nafasi ya angalau kimoja kukudanganya inafika asilimia 60. Na kwa watu 15, mmoja akiharisha wiki hiyo wastani wa kundi lake unayumba. Bohannon alipofichua mchezo alieleza jambo ambalo mimi naliona ndilo la thamani kubwa zaidi katika kisa chote: waandishi waliokuja kwake hawakuuliza maswali ya msingi, lakini wasomaji waliuliza. Watu wa kawaida walioisoma habari ile walihoji mbona hawakuhesabiwa kalori walizokula, wakafanya mzaha, wakatilia shaka. Kile kicheko cha nyuma ya kundi kilikuwa kimeiona kasoro kabla ya wenye kalamu.

Basi swali lako la nne liwe: walikuwa watu wangapi, kwa muda gani, na walikuwa wanatafuta nini tangu mwanzo? Mara nyingi majibu yamo kwenye aya ya saba au ya nane, pale ambapo msomaji ameshafunga gazeti. Jizoeze kuruka aya za katikati ukaisome ile yenye namba, kisha urudi juu.

Mashine zinazokuja kesho

Habari za teknolojia zina ugonjwa wao. Huko kinachofichwa huwa gharama, mazingira ya majaribio, na tarehe.

Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya NIF huko California ilifanya kitu kilichotafutwa kwa miongo mingi: iliunganisha viini vya atomu kwa miale ya leza na kupata nishati nyingi kuliko iliyoingia. Megajuli 2.05 ziliingia kwenye shabaha, megajuli 3.15 zikatoka. Wanafizikia walilia kwa furaha, na walikuwa na haki. Vichwa vya habari vikasema umeme usio na mwisho umepatikana. Mtanzania yeyote anayenunua umeme kwa namba za tarakimu ishirini anajua la kuuliza: "Na LUKU ilikula uniti ngapi?" Jibu lipo. Ili leza zile ziwake, mitambo ilivuta kiasi cha megajuli 300 kutoka gridi ya umeme, yaani karibu uniti 83. Nishati iliyotoka haikufika uniti moja. Hesabu ya ushindi ilianzia pale mwale unapogusa shabaha, na hayo yote ya nyuma yake hayakuhesabiwa. Wanasayansi wenyewe walilieleza hilo waziwazi. Aliyeliacha nje ni mwandika kichwa. Ushindi wa kifizikia ulikuwa halisi. Mtambo wa umeme haukuwapo.

Julai 2017 ilikuja nyingine iliyowatisha watu kweli: programu mbili za Facebook zilidaiwa kubuni lugha ya siri, wahandisi wakaingiwa na hofu na kuzizima. Ukienda kwenye utafiti wenyewe unakuta programu mbili zikifundishwa kupatana bei, zikigawana mipira, kofia na vitabu vya kufikirika. Watafiti hawakuwa wameweka zawadi kwa kufuata sarufi ya Kiingereza, kwa hiyo zikaanza kurudiarudia maneno kwa namna isiyosomeka. Watafiti walitaka programu inayoweza kuzungumza na watu, wakabadilisha mafunzo ili zibaki kwenye Kiingereza. Basi. Kwa habari yoyote ya mashine inayodaiwa kuwa na akili, uliza ilipewa kazi gani hasa, na ikifaulu ilikuwa inalipwa kwa nini. Mashine hufuata kile ilichozawadiwa, na ukikijua, kitisho kingi kinapungua.

Kuhusu tarehe, dawa ni kuandika. Aprili 2019 Elon Musk alisema hadharani kwamba mwaka unaofuata Tesla itakuwa na teksi zaidi ya milioni moja zinazojiendesha barabarani. Mwaka 2020 ukaja, ukapita, teksi hizo hazikuonekana. Ukisoma ahadi yenye mwaka ndani yake, iweke kwenye kalenda ya simu yako siku hiyo hiyo, na jina la aliyeahidi. Ikifika, fungua. Utaanza kuwajua wanaotimiza na wanaosogeza, na utawasikiliza kwa vipimo tofauti. Mazingira nayo usiyaache: gari linalojiendesha vizuri kwenye lami iliyochorwa mistari ya California bado halijaulizwa kuhusu Kariakoo saa kumi na moja jioni, bodaboda kushoto na mkokoteni wa ndizi kulia.

Na kama kampuni inasema imevumbua kifaa cha tiba, swali la kwanza kabisa ni nani wa nje amekiona kikifanya kazi. Theranos ya Elizabeth Holmes iliahidi vipimo vingi vya damu kwa tone dogo la kidoleni, ikathaminiwa kwa dola bilioni 9, na sura ya mwanzilishi wake ikapamba majalada. Mapema mwaka 2015 profesa John Ioannidis wa Stanford aliandika kwamba hakuna data yao iliyochapishwa kwenye majarida ya kitabibu ili wengine waikague. Oktoba mwaka huo gazeti la Wall Street Journal likafichua kwamba kifaa hakikuwa kinafanya kilichodaiwa. Januari 2022 Holmes alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji.

Kabla hujamlaumu mwandishi peke yake, jua chumvi inatiwa wapi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha kwenye jarida la BMJ uchunguzi wa taarifa 462 zilizotolewa kwa vyombo vya habari na vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri wa afya uliokuzwa kuliko utafiti wenyewe, na zaidi ya theluthi moja zilihamisha matokeo ya wanyama kwenda kwa watu kupita kiasi. Pale taarifa ya chuo ilipokuza mambo, habari za magazeti nazo zilikuza. Ilipotulia, magazeti nayo kwa kiasi kikubwa yalitulia. Ongeza juu yake kwamba habari nyingi za sayansi tunazosoma kwa Kiswahili zimepita kwenye lugha nyingine kwanza, na ile "huenda" ya mtafiti hudondoka mahali fulani njiani. Nawaomba wahariri wetu waiokote. Na kichwa kinachoishia na alama ya kuuliza, kama vile "Je, kahawa huzuia kuzeeka?", kijibu "hapana" uendelee na safari. Mwandishi Mwingereza Ian Betteridge alilisema hili mwaka 2009: aliyekiandika angekuwa na uhakika asingeuliza.

Kicheko kilichokosea njia

Nimesifu kicheko, sasa nitaje kilipoumiza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombea, akaweka mchanganyiko wake wa maziwa ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likalipenda neno hilo. Kila alipokosea kitu wenzake walimrushia.

Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lilelile mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini alirudi Dar na kuagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education, na leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba katika vitabu vya fizikia duniani kote.

Sikiliza tofauti. Mzaha wa darasani ulimalizia mazungumzo pale pale. Shaka ya Osborne ilifungua jaribio. Wote wawili, mwalimu na Osborne, hawakuamini, lakini mmoja tu ndiye aliyetafuta jibu. Na kisa hakikuishia kwenye sifa: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio ya makini nchini Uingereza, wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha wa athari hiyo, na kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kubadili matokeo. Wanafizikia wengine bado wanabishana nao. Hivyo ndivyo shaka nzuri inavyomheshimu mtu: inachukua dai lake kwa uzito kiasi cha kulipima.

Kosa kama la darasa lile ni rahisi kulifanya habari inapokuwa na sura ya kuchekesha. Mwaka 2006 mwanasayansi Bart Knols na mwenzake walipewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria huvutwa na harufu ya jibini la Limburger kama anavyovutwa na harufu ya miguu ya binadamu. Fikiria kicheko cha kibandani: wazungu wamepewa fedha wanuse miguu! Lakini swali lililokuwa chini yake lilikuwa zito: tukijua mbu anafuata harufu gani, tunaweza kumtega? Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara naye alitangazwa duniani mwaka 2011 kwa mitego ya harufu ya soksi. Kisha kwenye kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, mitego yenye harufu ya kutengenezwa inayofanana na ya binadamu, ikiendeshwa kwa umeme wa jua, iliwekwa kwenye nyumba. Matokeo yaliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016 yalionyesha maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 katika nyumba zenye mitego. Kwa hiyo habari ikikuchekesha kwa mada yake tu, subiri kidogo, uliza walikuwa wanatafuta nini.

Ukishapata swali lako, lifupishe. Kibandani hakuna nafasi ya hotuba, na sentensi ya maneno matano hufika mbali kuliko aya. Lilenge kwenye dai, usimlenge mgonjwa aliyeliamini. Mtu aliyeuza ng'ombe kutafuta dawa ya mwanawe hastahili kuwa chanzo cha kicheko chako. Usisambaze mzaha wa habari ambayo hujaisoma mpaka chini. Na ukijibiwa vizuri, kubali mbele ya walewale waliocheka nawe.

Mtihani wa hilo la mwisho ni chanjo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi mapana ya RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria. Wenye macho makali waliisoma habari mpaka chini wakakuta kwamba kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 tu. Hapo mzaha unakuja wenyewe: theluthi moja? Chandarua changu kilichochanika kinazidi hapo.

Ni swali halali, basi tulipeleke kwenye maswali yetu. Kainywa nani? Watoto 15,459, katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo vya Kenya, na vya Korogwe na Bagamoyo nchini Tanzania. Walilinganishwa na akina nani? Na watoto waliopewa chanjo nyingine, kwa kugawanywa kwa bahati nasibu. Kwa muda gani? Karibu miaka minne. Asilimia 36 ya ngapi? Hapa ndipo mzaha unapoanguka. Katika maeneo yetu mtoto haugui malaria mara moja. Huugua tena na tena kabla hajaanza shule. Kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi zote nne, visa 1,774 vya malaria viliepukwa. Ni zaidi ya kisa kimoja kwa kila mtoto. Na chanjo ilipotolewa kwa majaribio katika huduma za kawaida Ghana, Kenya na Malawi kuanzia mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Habari hii imeulizwa maswali yote na imejibu. Kama unaishi eneo ambako chanjo ya malaria inatolewa, mlaze mwanao ndani ya chandarua usiku wa leo, mpeleke kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, na usiikose ile dozi ya nne.